Birika la Fundi Mhando

Walipofika aya ya tatu ya wasifu wa marehemu, mpwa wake aliyekuwa akisoma alikohoa kidogo, akapandisha miwani, akatamka kwa sauti ya mtu anayemkaribisha mgeni rasmi kwamba mwaka uliofuata Azimio la Arusha, marehemu Injinia Leopold alivumbua chombo cha kusafisha maji ya boila, uvumbuzi ulioliletea sifa shamba la mkonge alilolitumikia na taifa kwa jumla. Watu waliokaa chini ya turubai wakatikisa vichwa kwa heshima. Mama mmoja kando yangu akanong'ona, "Kumbe mzee alikuwa kichwa hivi." Mimi nilikuwa najipepea kwa karatasi ya ratiba, uso wa marehemu ukipanda na kushuka mbele ya pua yangu, na sikuacha kujipepea. Nimehudhuria misiba mingi hapa Korogwe na najua wasifu ni nini: ni barua ya kuombea kazi, anayoandikiwa mtu ambaye hatafuti tena kazi. Uongo mdogo mdogo huwa nausamehe. Mlevi huitwa mcheshi, mchoyo huitwa mwangalifu, hakuna anayeumia. Huu haukuwa wa namna hiyo. Huu ulikuwa na mchoro, saini na kumbukumbu za kikao, na katika watu walioutengeneza, aliyebaki hai ni mimi. Niliondoka kabla ya chakula, nikarudi nyumbani kwangu Kilole kwa miguu, na tangu siku hiyo mwaka ule umekaa nami mezani kama mgeni asiyeaga.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka Tanga kusomea uchoraji wa michoro ya mitambo, msichana peke yangu darasani. Shamba lililoniajiri lilikuwa limetaifishwa karibuni. Wazungu walikuwa wameondoka, wakaacha nyumba zenye veranda, mbwa wawili waliokataa kula ugali, na boila. Boila hiyo ilikuwa kubwa kuliko nyumba niliyopanga chumba: tumbo la chuma lililolazwa juu ya tanuru la matofali, likichemsha maji kwa kuni na visiki vikavu vya mkonge, na mvuke wake ndio uliozungusha korona, mashine inayolikwangua jani la mkonge mpaka ikabaki singa nyeupe. Mashamba mengine yalikuwa yameshahamia kwenye dizeli. Letu lilibaki na mvuke, kwa sababu Wazungu wale walikuwa wabahili, na waliokuja baada yao walikuwa na mikutano.

Ofisi yangu ilikuwa stoo ya rangi hapo zamani. Sakafu ilikuwa na matone ya kijani na nyekundu ambayo hakuna sabuni iliyoyatoa, dirisha lilitazama karakana, na upepo ukigeuka, harufu ya takataka za korona, chachu kama togwa lililosahauliwa, ilijaa chumbani mpaka ikaingia kwenye karatasi. Upande wa kushoto palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba, na nyuma ya ukuta huo alikaa Injinia Leopold. Kwa hiyo mambo mengi nitakayoyasimulia niliyasikia kwa sikio langu bila kualikwa. Nilijua anapokunywa chai, anapofungua droo, anapojisomea hotuba zake kwa sauti ndogo kabla ya kwenda kuzitoa kwa sauti kubwa. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, amerudi kutoka masomoni Ulaya ya Mashariki, na alikuja na koti zito la baridi ambalo alilitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Katika joto la Korogwe, ambako hata kuku hutembea wamefungua midomo, koti hilo lilining'inia mwaka mzima. Mgeni akiingia alilazimika kulisogeza ili mlango ufunge, na Injinia alingoja aulizwe habari zake.

Kila Jumatatu asubuhi alitukusanya karakana nzima kutuelimisha. Mabomba yalikuwa yanavuja, mkanda wa korona ulikuwa umeungwa mara nne, na yeye alisimama juu ya kreti akatueleza habari za atomiki. "Huko nilikosoma," alisema, "kipande cha madini cha ukubwa wa yai kinachemsha maji ya mji mzima. Hakuna kuni, hakuna moshi. Siku moja hapa Korogwe tutakuwa na tanuru kama hilo, na ninyi mtakuwa mnavaa makoti meupe." Watu walisikiliza kama wanavyosikiliza habari za peponi, kwa hamu na bila haraka. Fundi Mhando, mkuu wa boila, aliinua mkono. Alikuwa Mzigua wa Kwaluguru, mtu mzima wa miaka hamsini hivi, mwembamba, kofia yake ya kushonwa imegeuka rangi kwa masizi, na boila ile aliihudumia tangu tukiwa hatujazaliwa. Akauliza taratibu, "Na hayo maji, bwana, yakichemshwa na hilo yai, hayaachi ukoko?" Karakana nzima ikacheka. Injinia akacheka zaidi ya wote. "Hilo," akasema, "ni swali la mtu wa chunguni." Miaka mingi baadaye, nikiwa nimesoma kidogo, nilikuja kujua kwamba mitambo ile ya atomiki husafishiwa maji kwa uangalifu zaidi kuliko yanayotumika kutengenezea dawa, kwa sababu hiyo hiyo aliyoiuliza Mhando. Mtu aliyekaa miaka mitatu Ulaya hakulijua hilo, na aliyekaa miaka ishirini na mitano mbele ya tanuru alilikisia. Lakini siku ile nami nilicheka. Naliandika hapa kwa kuwa sitaki mtu adhani nilikuwa bora kuliko waliocheka.

Kwa sababu ya ukuta ule wa mbao, saa za mchana sikupenda kukaa ofisini. Nilikwenda kula nyuma ya chumba cha boila, ambako Fundi Mhando na mchochea moto wake, Yohana, walikuwa na benchi na jiko la mafiga matatu. Yohana alikuwa amekuja kama manamba kutoka mbali sana, mkataba ukaisha, yeye akabaki. Alikuwa mtu mkubwa mwenye sauti ndogo, aliyetupa magogo tanuruni kama anayelaza watoto. Mke wa Mhando, Mama Zaina, alituma chakula kwenye bakuli la mfuniko: bada, ule ugali wa muhogo, mweusi na mzito, na mboga ya mchunga ambayo ni chungu mpaka uizoee, halafu huwezi kuiacha. Tulikula kwa mkono mmoja bakuli moja, jambo ambalo wasichana wenzangu wa ofisini waliliona aibu. Siku moja Yohana alinimiminia chai, nikaona vipande vyeupe vinaelea. Nikasema, "Fundi, birika lako limeanza kuota meno." Mhando akachukua kijiko, akakwangua ndani ya birika, akanionyesha gamba gumu kama ganda la yai.

"Maji ya hapa yana chokaa," alisema. "Ukiyachemsha, chokaa inashika chombo cha kwanza inachokikuta. Boila ndiyo chombo cha kwanza. Gamba likinenepa mule ndani, moto unaunguza chuma badala ya kuchemsha maji, na chuma kikichoka kinapasuka. Ndiyo maana kila mwezi tunazima siku mbili, tunaingia ndani na patasi kama wezi, tunabandua." Akatafuna tonge. "Mimi nataka isiwe chombo cha kwanza."

Hivyo tu. Sijawahi kusikia mtu akieleza uvumbuzi kwa maneno machache zaidi, na nimekaa na mainjinia maisha yangu yote. Alikuwa ameliwaza jambo hilo kwa miaka. Alitaka pipa la chuma lisimamishwe kabla ya boila, ndani yake masinia saba yapangwe moja juu ya jingine. Maji baridi yaingie juu, yadondoke sinia hadi sinia. Chini uingizwe mvuke ule uliokwisha kuzungusha korona, ambao siku zote tuliuachia uende hewani bure. Maji yachemkie hapo, ukoko ushike masinia, na yanayofika chini yawe safi na tayari moto. Kila Jumamosi mfuniko ufunguliwe, masinia yatolewe, yagongwe, yasuguliwe, yarudishwe. "Masinia nitabandua nimekaa kivulini," alisema. "Boila nambandulia nani, nimelala tumboni mwake?" Nilimchorea. Kwa siku kadhaa nilitumia saa za chakula kupima, na yeye alisimama nyuma yangu na kipande cha mkaa, akisahihisha bila kugusa karatasi.

Alipompelekea Injinia mchoro ule, niliyasikia yote. Ukuta haukuficha hata mlio wa kiti. Injinia hakuufunua mchoro vizuri. Yote yalichukua muda mfupi kuliko kuwasha sigara. "Mzee Mhando," alisema, "boila si chungu cha mkeo. Kuna dawa za kemikali za kazi hii, nimeshaziandikia barua. Wewe chochea moto." Mhando akajibu, "Sawa, bwana," na nikasikia koti likisogezwa, mlango ukafungwa. Barua hiyo ya dawa niliitafuta baadaye kwenye majalada. Haikuwapo.

Mwezi uliofuata Injinia aliitwa semina Dar es Salaam, wiki tatu za kujifunza namna ya kuwaongoza wafanyakazi. Hatukupoteza siku. Pipa lilipatikana kwenye chuma chakavu, masinia Mhando aliyakata mwenyewe kwenye mabati ya tangi la zamani, na Yohana aliyabeba mabegani mawili mawili. Siku ya kwanza lilivuja, wakakaza. Siku ya pili maji yaliyotoka chini yalikuwa ya moto, na kuni zilizotumika zikapungua, Yohana akaliona hilo kabla yetu kwa sababu mgongo ndio uliomwambia. Jumamosi walifungua mfuniko. Masinia yalikuwa meupe kama yamepakwa unga. Na mwisho wa mwezi, boila ilipozimwa na Mhando akaingia ndani na taa na patasi, alikaa kidogo kuliko kawaida, akatoka na kitu kwenye kiganja. Kilikuwa kigamba chembamba kama karatasi ya sigara. Alikitia mfukoni. Alikwenda ukutani, mahali alipozoea kusalia, akaswali adhuhuri kabla ya wakati wake kuwa finyu, na kwangu mimi hiyo ndiyo ilikuwa sherehe. Watu wa karakana wakaliita lile pipa "birika," na jina likakaa.

Injinia aliporudi alikasirika kwa siku nne. Siku ya tano walikuja wageni kutoka mkoani, wakapita karakana, na mmoja wao, mtu aliyejua mitambo kidogo, akauliza pipa lile ni la nini. Nilikuwa dirishani. Nilimwona Injinia akilitazama pipa, akimtazama mgeni, akilitazama pipa tena. Kisha akasema, "Hilo ni jaribio tulilolibuni ofisini kwangu." Jioni ile "tulilolibuni" ikawa "nililolibuni." Nimewaona waongo wengi, na wengi wao wana haya kidogo usoni kwa siku za mwanzo. Huyu hakuwa nayo. Nadhani alipofika wiki ya pili alikuwa ameshaamini.

Akaniita ofisini, akanipa chai ya maziwa kwenye kikombe cha wageni. Alitaka mchoro mpya, safi, wa kupeleka maonyesho ya viwanda mkoani. Juu uandikwe "Kisafishio cha Maji ya Boila, Namba Moja," na chini, kwenye kisanduku cha mbunifu, jina lake. Nikauliza, nikiwa nimeshika kikombe, "Na Fundi Mhando, bwana?" Akatabasamu kwa huruma. "Mhando alichomelea. Ukimwandika kila anayechomelea, binti, karatasi itakosa nafasi ya mchoro." Kisha, kana kwamba ni jambo jingine kabisa, akasema kuna nafasi ya masomo ya juu Dar es Salaam kwa mchoraji mmoja, na kwamba yeye ndiye anayependekeza jina. Nilirudi stoo yangu ya rangi, nikanoa penseli, nikaliandika jina lake kwa herufi nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Sikulia. Watu wakisimulia mambo kama haya hupenda kusema walilia.

Lakini mtu aliyeiba kitu asichokielewa hawezi kukiacha kilivyo. Injinia aliona mfuniko wa bolti unaonekana wa kishamba. Akaagiza pipa jipya kwa ajili ya maonyesho, lipakwe rangi ya kijani, na mfuniko uchomelewe moja kwa moja. "Mashine ya kisasa haifunguliwi funguliwi," alisema. Nikachora hivyo. Alitia saini kando ya mabadiliko hayo kwa wino wa bluu, saini ndefu yenye mkia. Fundi Mhando alipoletewa mchoro aufanyie kazi alikuja kwangu, akauweka mezani, akaniuliza jambo moja tu. "Mwanangu, umeandika hapa mfuniko unachomelewa?"

"Nimeandika nilivyoambiwa, mzee."

"Na masinia yatatolewaje?"

Nilinoa penseli iliyokuwa imeshanolewa. Alikunja mchoro kwa uangalifu, kwa kufuata mikunjo yake ya awali, akatoka. Kuhusu jina lililoandikwa chini hakuuliza, ingawa alijua kusoma.

Maonyesho yalifana. Injinia alirudi na cheti chenye fremu na redio, cheti akakitundika karibu na koti. Wiki hiyo hiyo akaamuru birika la Mhando ling'olewe, lifungwe lile la kijani, na siku mbili za kila mwezi za kusafisha boila zifutwe, maana sasa tuna chombo, na wakubwa wameambiwa uzalishaji hausimami tena. Mhando alikwenda kwake mara tatu. Nilisikia mara zote tatu. Mara ya kwanza alieleza: masinia yakijaa, maji yatapita juu ya ukoko kama yanavyopita juu ya jiwe, yataingia boilani na chokaa yake yote. Mara ya pili aliomba ruhusa ya kukata mfuniko kwa gharama ya muda wake mwenyewe. Mara ya tatu sauti yake ilikuwa chini sana, nikasikia jibu la Injinia tu: "Mzee, wivu haufai katika ujamaa." Nilikuwa na penseli mkononi. Ningeweza kuamka, kuzunguka ule ukuta, kusema, bwana, anachosema ni kweli, mimi niliyechora nakwambia. Ni hatua tisa, nilizihesabu siku moja. Barua ya chuo ilikuwa haijatiwa saini.

Ilipasuka Jumanne asubuhi, karibu na saa ya chai, mwezi wa tano tangu lile pipa la kijani lifungwe. Nilidhani gari la mkonge limepinduka. Kisha ukaja mlio mrefu, kama wa mtu anayevuta pumzi ndani bila kuitoa, na dirisha langu likawa jeupe kwa mvuke. Bomba moja la ndani ya boila lilikuwa limeungua na kupasuka, maji ya moto na mvuke vikatokea mlango wa tanuru, na aliyekuwa amesimama mlangoni akiwa na gogo mkononi ni Yohana. Mhando alimtoa kwa mikono yake, akaungua viganja. Walimlaza chini nje, kwenye singa zilizoanikwa, kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine laini. Alikuwa anazungumza kwa ile sauti yake ndogo, akimwuliza Mhando kama moto umezimika. Aliishi siku tatu hospitalini. Hatukujua ndugu zake, na kule alikotoka barua zilichukua mwezi. Tulimzika sisi, na Mhando, ambaye hakuwa wa dini yake, ndiye aliyeshika jembe kwa viganja vilivyofungwa bendeji mpaka tulipomnyang'anya.

Kamati ya uchunguzi iliketi katika chumba cha kulia cha klabu ya zamani ya Wazungu. Walikuwa watu kumi, na mbele yao kulikuwa na soda na sambusa zilizofunikwa kitambaa. Katika siku mbili nilizokaa kwenye kiti cha kungojea karibu na mlango, maneno marefu niliyoyasikia yalihusu kama wazile sambusa au wasubiri. Injinia alitangulia kusema. Alikuwa amevaa suti ya Chou En-lai, ile ya viongozi wa siku zile, mpya. "Ndugu mwenyekiti," alisema, "wazo hili la hatari lilikuwa la Fundi Mhando. Karakana nzima inalijua kwa jina la birika lake. Mimi nilimpa nafasi tu, kwa moyo wa kumwendeleza mfanyakazi. Kama nina kosa, ni hilo la kuwaamini watu wa chini kupita kiasi." Nilimsikiliza, nikaelewa kwamba sitamwona tena maishani mtu mtupu kiasi kile. Zaidi ya miezi mitano alikuwa amelivaa birika lile kama koti lake, ili tulione, na sasa alikuwa analivua mbele ya watu kumi na kumvisha mzee mwenye bendeji mikononi. Na walikuwa wanaandika. Mmoja wao alikuwa ametaja polisi.

Wakaniita. Mwenyekiti aliuliza, "Binti, wewe ndiye mchoraji. Chombo hiki ni cha nani?"

Nilikuwa na mchoro. Niliufungua mezani, nikasogeza chupa ya soda ili ukae sawa. "Ni cha Bwana Injinia," nikasema. "Jina lake hili hapa. Na hapa alipoamuru mfuniko uchomelewe, hii ndiyo saini yake."

"Tangu mwanzo ni chake?"

"Tangu mwanzo mpaka mwisho."

Wakamgeukia Fundi Mhando, aliyekuwa kwenye benchi ukutani. Mwenyekiti akamwuliza kama ni kweli kwamba wazo lile halikuwa lake hata kidogo. Mhando alinitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama alivyokuwa akitazama geji ya boila, kusoma tu. "Mimi ni fundi," akasema. "Natengeneza ninachochorewa."

Kwa hiyo hakupelekwa polisi. Miaka yote nimejiambia kwamba nilimwokoa, na ni kweli nilimwokoa. Lakini kweli yenyewe ilihitaji sentensi mbili: pipa ni la Mhando, na kuchomelea mfuniko ni amri ya Injinia. Sentensi mbili, hata motoni mtu anaweza kuzisema. Nilijiambia kwamba kamati ile haiwezi kubeba sentensi mbili, ikipewa pipa itamkamata mwenye pipa, na kwa jinsi nilivyowaona wakibishania sambusa, huenda sikukosea. Hata hivyo sikuzijaribu. Nilisema ile moja iliyokuwa na karatasi nyuma yake, kwa sababu mtu mwenye karatasi hahitaji ujasiri. Na Injinia adhabu aliyoipata ilikuwa ya kawaida ya nyakati zile: alihamishiwa Dar es Salaam, ofisi kubwa zaidi, yenye feni. Kabla ya kuondoka alisafisha droo zake zote, na kati ya karatasi alizoacha kwenye meza ya karani ilikuwa ile ya kunipendekeza chuoni, imetiwa saini yenye mkia. Sijui kwa nini aliitia. Labda aliona nimemtunzia uvumbuzi wake. Nami nilikwenda chuoni.

Kabla ya kwenda, niliomba ruhusa ya siku mbili. Fundi Mhando alikuwa ameshaambiwa apumzike, akarudi kwao Kwaluguru, ambako kijiji cha ujamaa kilikuwa kinaanzishwa na watu walikuwa wanakatiwa viwanja kwa kamba. Nilipanda basi mpaka Mkata, nikangoja kwenye vibanda vya mihogo ya kuchoma, kisha nikapata lori lililokuwa linakwenda kuchukua mahindi. Kwenye kikapu nilikuwa na mchoro mpya, nilioufanya kwa wiki mbili kwenye karatasi bora ya shamba: pipa, masinia saba, mfuniko wa bolti, na chini, kwenye kisanduku cha mbunifu, jina lake kamili na la baba yake. Niliwakuta yeye na Mama Zaina wamekaa nje wanapukuchua mahindi, mbuzi watatu wakinyemelea. Nikaamkia, shikamoo baba, shikamoo mama, nikapewa kigoda, nikapewa maji. Viganja vyake vilikuwa vimepona vikabaki vinang'aa, na alipukuchua kwa vidole viwili.

Alifuta mikono, akaupokea mchoro, akausoma kuanzia juu hadi chini, bila haraka. Alifika kwenye jina, akakaa hapo. Mama Zaina aliacha kupukuchua. Kisha Mhando akaukunja, kwa kufuata mikunjo yake, akanirudishia.

"Lile jina la kwanza ulilisema mbele ya watu kumi, wakaandika," alisema. "Hili umekuja kuliniambia mbele ya mke wangu na mbuzi."

Nikasema nitaupeleka ofisi ya mkoa, nitaeleza. Akasema, "Utaeleza kwamba ulidanganya kamati? Watakufukuza chuo, na mimi watanirudisha kwenye lile benchi. Acha, mwanangu. Yohana hafufuki kwa kisanduku." Hakupandisha sauti. Mama Zaina akasema nyama ya kuku iko jikoni, na kwamba mgeni haondoki na njaa. Nikala. Walinipa firigisi, ambayo kwa kawaida ni ya mwenye nyumba, na niliitafuna nikajua kwamba wananifanyia adabu ambayo sikustahili hata mfupa wake.

Lori lilipokaribia kurudi, Mhando alinibebea kikapu mpaka barabarani. Njiani tulizungumza mvua na nguruwe wanaoharibu mashamba. Lilipofika akampa dereva mkono, akamwambia kwa Kizigua kwanza, halafu kwa Kiswahili ili nami nisikie, "Huyu ni mwanangu. Mfikishe Mkata jua halijazama."

Dereva alinitazama, viatu vyangu na kikapu changu. "Binti yako anafanya kazi gani, mzee?"

"Ni mchoraji," Mhando akasema, akanipandishia kikapu. "Anachora vizuri sana."